Nusa Kabla Hujawasha

Nasra, mjukuu wangu, ameniambia kwamba yeye na wenzake wameajiriwa kwenye mkahawa mpya wa tambi, huku kwetu Landover, karibu na uwanja mkubwa wa mpira. Amesema kazi ni nyepesi, kwa sababu supu inaletwa ndani ya ndoo ikiwa imeshapikwa, wao wanaipasha tu. Aliniambia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mimi huuliza kwa Kiswahili, yeye hujibu kwa Kiingereza, na tunaelewana. Nilimwuliza nani anainusa hiyo supu kabla haijawekwa mezani. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa nani anaunusa mlango.

Tangu siku hiyo sina raha. Kwa hiyo naandika haya kwa ajili yake na kwa nyinyi wenzake, mnaoingia jikoni sasa.

Mimi naitwa Rukia, mzaliwa wa Tanga. Nimepika tambi za Kivietnam upande wa Virginia mpaka magoti yalipokataa. Mkahawa ulikuwa kwenye safu ya maduka nje kidogo ya Fairfax, na mimi nilikaa hapa hapa Landover, kwa hiyo kila asubuhi nilikata jiji zima kwa treni, karibu njia nzima mpaka mwisho wake, kisha nikapanda basi. Watu waliniuliza kwa nini sitafuti kazi ya karibu. Nilikwenda kule kwa sababu ya Dada Lan.

Dada Lan ndiye aliyekuwa mwenye mkahawa na mpishi mkuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono yenye nguvu, asiyependa mtu anayeongea huku anakata nyama. Kwao mtu aliyekuzidi umri humwiti kwa jina tupu, unamwita dada, na yeye anakuita mdogo wake. Nilipoliona hilo nilifurahi, maana hata kwetu ni hivyo hivyo. Tuliongea Kiingereza chetu cha kuungaunga, yeye na lafudhi yake na mimi na yangu, na wateja walikuwa wakitutazama wakidhani tunagombana.

Siku ya kwanza nilijiona najua tambi. Kwetu tambi tunazikaanga kidogo, tunatia sukari, tui na iliki, tunakula kwa chai. Dada Lan akanipa tambi pana za mchele, akaniambia niziloweke. Mimi kwa haraka zangu nikazimwagia maji ya moto, nikaenda kukata vitunguu. Niliporudi nilikuta uji. Dada Lan aliutazama, akachota bakuli moja, akatia sukari, akanisogezea. "Kula," akasema. "Umepika chakula cha kwenu." Nikala mbele yake mpaka nikamaliza, naye akasimama ananitazama bila kucheka. Tambi za mchele hulowekwa kwa maji ya baridi, na unakuwa na subira. Maji ya moto zinayaona mara moja tu, ndani ya chujio, kwa muda wa kuvuta pumzi, halafu moja kwa moja kwenye bakuli.

Mengine alinifundisha pole pole. Mifupa unaichemsha kwanza, unayamwaga yale maji machafu, unaiosha, ndipo unaanza supu yenyewe. Moto usiwe mkali, la sivyo supu inakuwa kama maji ya mafuriko. Kitunguu na tangawizi unavichoma kwenye moto mpaka viwe na madoa meusi. Mdalasini, karafuu na kile kiungo chenye umbo la nyota unavikaanga bila mafuta, na hapo ndipo kazi ilipo, kwa sababu kati ya kuiva na kuungua hapana nafasi. Alinifunga macho kwa kitambaa, akanisimamisha mbele ya kikaango, akasema, "Niambie lini." Nilikosea mara nyingi. Nilipopatia, alifungua kitambaa na kunipa kikaango.

Nilimwambia mapema kwamba mimi ni Muislamu na siionji nyama ambayo haikuchinjwa kwa sharti letu. Akasema sawa, wewe utanusa, mimi nitaonja. Tulikwenda hivyo muda mrefu. Baadaye wateja wa Kiafghani na wa Kisomali walipokuwa wengi, alihamia kwa bucha wa halali, na ndipo na mimi nikaanza kuonja. Siku ya kwanza niliyoonja ile supu niliyokuwa nikiipika, nilikaa chini juu ya ndoo iliyopinduliwa. Sikujua kuwa nilikuwa nikitengeneza kitu kitamu kiasi kile.

Sasa nije kwenye lile lililonifanya niandike.

Ule ugonjwa uliotufungia majumbani ulimpata Dada Lan, akalazwa, akapona. Mkahawa ukafunguliwa tena. Lakini safu yetu ya maduka haikuwa ile tuliyoiacha. Fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu alikuwa ameondoka, mahali pake pamewekwa duka la chai baridi ya maziwa yenye vidonge vya muhogo. Duka la mazulia lilikuwa limegeuzwa zahanati. Ng'ambo ya barabara ulifunguliwa mkahawa wa tambi za kuvutwa kwa mikono, ambapo mpishi anasimama dirishani akizirusha kama kamba na watu wanampiga picha. Ukaja na mwingine wa Kijapani, bakuli linaletwa na mashine yenye magurudumu inayojitembeza na kuimba. Kila mwezi kulikuwa na mlango uliofunikwa kwa karatasi ya kahawia, na sisi tukibahatisha kitakachotokea nyuma yake. Tukasikia mwenye jengo anataka kuuza safu nzima ili pajengwe ghorofa za kupangisha. Dada Lan alikuwa akisikia habari hiyo, anapangusa kaunta iliyokwisha kupanguswa.

Wakati huo huo supu yetu ilianza kuyumba. Siku moja nzuri kabisa, siku nyingine ina uchungu kwa nyuma, kama dawa. Mzee mmoja wa Kivietnam aliyekuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa alikula nusu, akakunja kitambaa chake vizuri, akalipa, na Jumapili iliyofuata hakuja. Nilidhani ni mawazo ya kodi yanamchanganya Dada Lan. Nikaanza kukaanga viungo mwenyewe bila kuambiwa, na yeye akaniachia bila kuuliza. Hilo lilinitisha zaidi kuliko uchungu wa supu, kwa sababu ile kazi ya kikaango hakuwahi kumwachia mtu kwa hiari.

Halafu ikaja asubuhi ile. Ulikuwa wakati wa baridi. Nilishuka kwenye basi, nikazunguka nyuma ya maduka, nikafungua mlango wa jikoni, na harufu ya gesi ikanipiga usoni kiasi cha kunirudisha hatua. Nyinyi mnaijua ile harufu, kama mayai yaliyooza. Feni ya moshi ilikuwa imezimwa. Sufuria kubwa ilikuwa juu ya jiko, imefurika na kuuzima moto chini yake, na koki ilikuwa wazi, inasikika ikipuliza. Na katikati ya yote hayo alikuwepo Dada Lan, amevaa aproni, kapu la vitunguu mbele yake. Alikuwa ameshika kitunguu kwa koleo mkono huu, na mkono huu kiberiti cha gesi kile kirefu, anataka kuanza kuvichoma.

Aliniona akatabasamu. "Umewahi leo," akasema.

Sikupiga kelele. Hata leo sijui kwa nini. Nadhani niliogopa kwamba nikipiga kelele atashtuka na kidole kitabonyeza. Nikasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, niwekee hicho kiberiti chini." Akauliza kwa nini. Nikasema, "Weka chini tu, dada, nakuomba." Miguu yangu ilikuwa inatembea kuelekea kwake, nami siihisi. Nilimshika kifundo cha mkono, nikakitoa kile kiberiti vidoleni mwake, nikafunga koki ya jiko, nikamvuta kwenda nje. Alinikasirikia. Alidhani nimepata wazimu.

"Gesi," nikamwambia tulipofika kwenye maegesho. "Jiko zima limejaa gesi. Husikii harufu?"

"Harufu gani?" akasema.

Alilisema kwa hasira, kisha uso wake ukabadilika, kwa sababu alijisikia mwenyewe alichosema. Nikapiga simu kwa zimamoto. Nilimwambia na kijana wa duka la chai awatoe watu wake nje.

Hapa nataka msome taratibu. Ukiingia jikoni ukakuta gesi, usiwashe taa. Usizime taa pia. Usiwashe feni kwa kudhani itaivuta. Usipige simu ukiwa ndani. Kama koki iko karibu na unaweza kuifunga, ifunge, acha milango wazi, ondoka, na upige simu ukiwa mbali. Chakula kiache, viatu viache, na mkoba uache. Na kabla ya yote hayo, kila asubuhi, kabla hujagusa swichi yoyote, simama mlangoni unuse.

Zimamoto walikuja, wakapima, wakafungua madirisha, wakatuuliza maswali. Dada Lan aliwajibu kwamba supu ilifurika na hatukuona. Ilikuwa kweli. Siku hiyo hatukufungua. Tulikaa ndani ya gari lake, amewasha mashine ya joto, akaniambia bila kunitazama. Tangu alipotoka hospitali, harufu haikurudi. Chumvi anaisikia, sukari anaisikia, na ndimu anaijua kwa vile inavyouma. Mengine yote hakuna. Alikuwa anapika kwa kukumbuka.

"Mdalasini nautazama rangi," akasema. "Lakini rangi inadanganya."

Nikamwuliza kama binti yake anajua. Binti yake anaitwa Thu, alikuwa akifanya kazi ofisini huko Fairfax, msichana mpole lakini mwenye kuamua mambo haraka. Dada Lan akasema hajui, na akijua atafunga mkahawa kesho yake. Akanishika mkono. "Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe. Nipe muda."

Nilimpa muda, lakini kwa masharti. Nilimwambia kuanzia leo hutawasha moto wowote kabla sijafika. Hata wa chai. Nikanunua kile kidude cha kunusa gesi kinachopiga kelele, nikakichomeka ukutani. Akakubali yote. Lakini nilikuwa namjua Dada Lan. Alikuwa mtu anayeamka mapema na kuona aibu mikono yake ikikaa bure.

Kwa hiyo ikawa kila asubuhi napanda treni na moyo wangu uko mbele yangu. Nilikuwa nachukua ya mapema kuliko lazima. Nikiona gari la zimamoto barabarani likielekea Virginia, nilikuwa nahesabu vituo. Nilianza kuogopa vitu ambavyo havikuwa na uhusiano. Simu ikiita, naitazama kwanza namba. Binti yangu aliniambia nimekonda, akadhani ni sukari, akanipeleka kupimwa, na daktari akasema sina kitu. Nilitaka kumwambia daktari kwamba kitu ninacho, lakini kiko Fairfax.

Siku moja treni ilisimama ndani ya handaki, chini ya mto. Taa zikapungua. Sauti ikatangaza kwamba kuna hitilafu mbele, tuwe na subira. Simu zilikuwa hazishiki kule chini. Abiria wengine walisoma, wengine walisinzia. Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshika nguzo kwa mikono miwili kana kwamba naweza kuisukuma treni. Niliwaza, sasa amefika. Sasa amengoja. Sasa amechoka kungoja. Sasa anasema moyoni, moto mdogo tu, wa kuchemshia mifupa. Mama mmoja wa Kikongo aliyekaa karibu yangu aliniona nikitokwa jasho, akanisemesha kwa Kiswahili chake, "Mama, uko malade? Ikala hapa, pumuzika." Aliuliza kama naumwa, akaniambia nikae. Sijui alijuaje kwamba nitamwelewa, labda kwa vile nilikuwa nasoma dua kwa sauti na kuchanganya na maneno yangu. Nikakaa. Akanishika bega mpaka treni ilipotembea.

Nilipofika nyuma ya maduka nilikuwa nakimbia, mimi na magoti haya. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa. Dada Lan alikuwa amekaa nje juu ya kreti la maziwa, amejifunika koti na kitambaa kichwani, pua nyekundu kwa baridi. Funguo zilikuwa mkononi mwake. Hakuwa hata ameingia.

"Umechelewa," akasema.

"Kwa nini hukukaa ndani ya gari?"

"Ningekaa kwenye gari ningeanza kufikiri. Nikifikiri ningeingia."

Nilimwinua. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama vyuma. Ndipo nilipojua kwamba na yeye alikuwa anaogopa kama mimi, tena alikuwa ameanza kabla yangu, peke yake.

Ramadhani ikaja, na kukawa na tatizo jipya. Mimi nafunga, yeye hasikii ladha. Zamani Ramadhani alikuwa akionja yeye. Sasa jiko zima halina ulimi. Nilimwuliza shekhe wetu, akaniambia mpishi mwenye haja anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema bila kumeza. Nikafanya hivyo, lakini kwa woga mwingi, nikisukutua kila mara. Mara nyingi niliishia kunusa tu. Na ajabu, kwa vile nilikuwa na njaa, pua yangu ilikuwa kali kuliko siku zote. Kitunguu kilichozidi kuchomwa nilikijua kutoka stoo. Dada Lan alikuwa akisimama nyuma yangu, ananiuliza, "Sasa?" Nasema, "Bado." "Sasa?" "Bado, dada." "Sasa?" "Toa." Naye anatoa. Supu ikatulia. Watu wakaanza kurudi.

Jumamosi moja mchana Thu alikuja kula. Alikaa kwenye kaunta, mama yake akamtengenezea bakuli kwa mikono yake, mrehani, chipukizi za choroko na ndimu pembeni. Thu alionja mara moja, akaweka kijiko chini. Akasema kitu kwa Kiingereza, kwa sababu na yeye ni kama watoto wetu, mama anamsemesha Kivietnam na yeye anajibu Kiingereza. Alisema, "Mama, hii ndiyo supu ya nilipokuwa mdogo. Nilikuwa nimeanza kuogopa. Nilidhani umezeeka."

Nilikuwa napanga mabakuli. Nikaacha kupanga. Dada Lan angeweza kutabasamu na kunyamaza, na mambo yangeendelea. Alipangusa mikono kwenye aproni, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Siyo mimi," akasema, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimsemesha binti yake kwa Kiingereza, ili na mimi nisikie. "Ni huyu. Mimi sisikii harufu. Sikusikia hata gesi."

Thu aliuliza gesi gani. Ikabidi aambiwe yote. Alisimama, akawa mweupe, akanigeukia mimi. "Auntie Rukia, ulijua? Muda wote huu ulijua?"

Nikamwambia nilijua. Nikamwambia pia kwamba tangu siku ile hakuna moto uliowashwa pale nikiwa sipo. Alilia pale pale kwenye kaunta, wateja wakijifanya hawaoni. Alikuwa na hasira na mimi na hakujua aipeleke wapi. Halafu akauliza swali lile nililokuwa nikiliogopa. "Na siku ukiumwa wewe?"

Nilirudi kupanga mabakuli.

Hatukuhitaji kulitafutia swali hilo jibu kwa muda mrefu. Mwenye jengo aliuza. Safu nzima iliambiwa iondoke, duka la chai, zahanati, sisi, na wale wa tambi za kuvutwa. Siku ya mwisho wateja walikuja wengi mpaka wakala wamesimama kwenye maegesho, na hata yule mzee wa Jumapili alikuja, akala akamaliza. Mimi nilikuwa nachota supu huku nikiwaza nitapata wapi kazi kwa umri ule. Nilikuwa na hakika kwamba habari yangu na Dada Lan imekwisha.

Wiki chache baadaye Thu akanipigia simu. Alikuwa ameacha kazi ya ofisi. Amepata chumba kidogo cha duka karibu na chuo kikuu, kilichokuwa mahali pa kukarabatia simu, na anataka kupika supu ya mama yake. Alitaka nimfundishe. "Nifundishe kama alivyokufundisha," akasema. Nilikwenda. Nilimfunga macho kwa kitambaa mbele ya kikaango, nikasikia sauti yangu ikisema, "Niambie lini." Alikosea mara nyingi, kama mimi.

Tulipatana Dada Lan asiingie jikoni. Nilidhani atagombana na sisi. Badala yake alijitafutia mahali pake mwenyewe, pale kwenye dirisha dogo ambapo mabakuli machafu hurudishwa. Alivuta kiti akakaa. Kila bakuli lililorudi alilitazama ndani kabla ya kulipitisha. Mwanzoni nilidhani anataka tu kuwa na kazi. Thu alikuwa akiona aibu, akamwambia, "Mama, hilo si la kutazama." Dada Lan akavuta bakuli lililofuata.

Halafu ikaja siku moja, katikati ya wiki, wanafunzi wamejaa mpaka mlangoni. Thu alikuwa amepika peke yake asubuhi ile kwa sababu mimi nilikuwa nimetoka kwa daktari wa magoti, nimefika wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa bado navua koti Dada Lan alipokuja mpaka mlango wa jikoni, bila kuvuka, ameshika mabakuli mawili. Yote yalikuwa na supu zaidi ya nusu.

"Leo kuna kitu," akasema.

Thu alikuwa anachota huku jasho linamtoka. "Mama, ni wanafunzi. Wana haraka, wanaacha."

"Tambi wamekula. Nyama wamekula. Supu wameionja wakaiacha. Nimeyaona mengine kabla ya haya."

"Ina nini?"

"Mimi sijui ina nini," Dada Lan akasema. "Nyinyi ndio wenye pua. Mimi nawaambia wameacha."

Thu akachota kijiko, akaonja, akasema ni sawa. Alikuwa amesimama juu ya ile sufuria tangu asubuhi, na pua ikikaa sana na harufu moja inaizoea, haiisikii tena. Hilo likumbukeni. Mimi nilikuwa nimetoka nje, kwenye hewa baridi. Niliinama juu ya sufuria nikavuta pumzi. Mdalasini ulikuwepo, tangawizi ilikuwepo, na chini yake, mbali sana, kulikuwa na kitu kitamutamu kisichotakiwa, kama nyama iliyosahauliwa. Nilikwenda kwenye jokofu. Mifupa iliyobaki ilikuwa ndani, na jokofu lilikuwa vuguvugu. Lilikuwa limeharibika, sijui tangu lini, na taa yake ya ndani bado inawaka vizuri tu.

Nilirudi nikamwambia Thu, "Zima."

Alitazama foleni. Alinitazama mimi, kisha akamtazama mama yake aliyesimama pale mlangoni na mabakuli yake. Akafunga koki. Kisha akavua aproni, akatoka mbele, na nikamsikia akiwaambia watu wote kwa sauti moja kwamba supu ya leo ina kasoro, aliyekula arudishiwe pesa yake, na akijisikia vibaya asikae kimya, aende kwa daktari na ampigie yeye simu. Wengine walinung'unika. Wengi waliinuka, wakachukua mikoba yao, wakatoka mmoja mmoja, mpaka viti vikabaki vitupu.

Siku mbili tatu Thu alikuwa na simu mkononi hata anapooga. Hakuna aliyepiga.

Lakini mchana ule hatukulijua hilo. Tulikuwa watatu ndani ya mkahawa mtupu, mimi namwaga supu kwenye beseni pole pole nisijiunguze, Thu amekaa sakafuni ameegemea jokofu bovu, kichwa kati ya magoti. Dada Lan aliyaweka mabakuli yake chini. Akavuka mlango wa jikoni kwa mara ya kwanza, akakaa sakafuni karibu na binti yake, akavuta kapu la vitunguu, akaanza kumenya vya kesho.